Kidonda Nilichokiombea Kisipone Upesi

Mkipita mtaa wa Gerezani mkanikuta nimekaa barazani, miguu nimeinyoosha juu ya kigoda, msinionee huruma. Miguu hii imesimama miaka thelathini na minne katika chumba cha vidonda cha zahanati moja hapa Kariakoo, na sasa iko likizo. Nakunywa chai ya tangawizi, nabishana na majirani kuhusu mpira, mchana nalala. Nimeridhika kabisa. Ila wiki iliyopita binti mmoja aliyeajiriwa juzijuzi pale zahanati alinijia, akaniamkia vizuri, kisha akaniuliza: "Bibi, hivi mtu aliyesafirishwa kiharamu unamjuaje akija kutibiwa? Semina walitutajia dalili tele, mimi nimekariri tano." Nikacheka, nikamwambia akae. Niliyomwambia nimeona niwaandikie na ninyi wengine, wauguzi, matabibu, watu wa maabara, na wewe unayekaa dirisha la kadi, maana wewe ndiye unayewaona kwanza.

Jina lenyewe la jambo hili linapoteza watu. Usafirishaji haramu wa binadamu. Ukilisikia unafikiria lori, turubai, mpaka, watu wamebanwa humo usiku kucha. Mimi nami nilifikiria hivyo, ndiyo maana walikuwa wananipita mbele ya macho, nikawafunga bendeji na kuwatakia siku njema. Mtu anaweza kuja Dar kwa basi zuri la abiria, amekaa dirishani anatafuna karanga, na bado akawa amesafirishwa. Tazama alichodanganywa kabla ya safari na anachofanyiwa baada ya kufika: kazi asiyoikubali, mlango asioruhusiwa kuufungua. Wapo ambao hata mto Msimbazi hawakuuvuka. Na anayewashikilia mara nyingi ni mtu wanayemfahamu. Wazee hawakukosea waliposema kikulacho ki nguoni mwako.

Niwaambie habari za dada mmoja, nitamwita Neema. Hilo si jina lake, kwa sababu mimi nimestaafu lakini siri ya mgonjwa haistaafu. Alikuwa na miaka ishirini na kitu, mkono wa kushoto umeungua mafuta ya moto kuanzia kiwiko hadi karibu na kiganja. Kidonda kilikuwa na siku nne, kimepakwa dawa ya meno. Alikuja na mama mmoja wa makamo, kitenge cha maana, manukato, na pochi kubwa ya ngozi aliyoibana kwapani. Mama huyo alikuwa mcheshi kutushinda sote pale ndani. Nikiuliza umeungua lini, anajibu mama. Kuna dawa inakudhuru? Anajibu mama. Wala sikushangaa. Kwetu mkubwa ndiye msemaji, na mdogo akidakia anaonekana hana adabu.

"Ni mtoto wa marehemu dada yangu," mama akaniambia. "Nimemchukua kama mwanangu. Jikoni hayuko makini, Sista, kajimwagia mafuta."

Nilipoanza kukiosha kidonda kwa maji ya chumvi Neema akakunja uso. Akasema kwa sauti ya chini, "Shangazi, naomba maji."

Sasa mimi ni Mzaramo wa hapahapa mjini, na bibi yangu alitufundisha undugu kwa makofi. Dada wa baba ni shangazi. Dada wa mama ni mama mkubwa au mama mdogo. Siku hizi kwenu kila mwanamke ni anti, mkajinyima kipimo kisichohitaji hata betri. Mtoto wa dada yako hakuiti shangazi, hata umwamshe usingizini. Kwa hiyo mmoja kati ya wale wawili alikuwa amesema kitu ambacho si kweli, na nilikisikia kwa masikio yangu haya mawili. Mnajua nilifanya nini? Nilimsahihisha.

"We mtoto, shangazi wapi!" nikamtania. "Dada wa mama huyo, mama mkubwa. Kwenu hawakukufundisha?"

Tukacheka. Mama wa pochi alicheka kuliko wote, akasema watoto wa siku hizi bwana. Neema hakucheka. Baada ya siku mbili wakarudi kubadilisha bendeji, na safari hii Neema akatamka "mama mkubwa" bila kukwama. Nikampongeza: "Umeona sasa!"

Saa nne, kwenye chai, nikakisimulia kisa hicho kama kichekesho. Alikuwapo Sista Felista, mkuu wetu wa wauguzi, mama wa Kimachame, mfupi, asiyependa makelele. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi tangu nilipokuwa siwezi hata kushika koleo la pamba bila kutetemeka. Wenzangu wakacheka. Sista Felista akaweka kikombe chini.

"Mwajuma," akasema, "wale walikuwa wamekosea uongo wao. Wewe umewasahihishia."

Kitumbua nikakirudisha sahanini. Watu husema mdomo uliponza kichwa, lakini wangu mimi ulikuwa umeponza kichwa cha mwenzangu. Niliona aibu mpaka nikatoka nje kunawa uso.

Hakunigombeza zaidi ya hapo. Aliniuliza tu kidonda kimebakiza siku ngapi kufunga. Nikamwambia kikienda vizuri ni wiki mbili, zikizidi sana tatu. Akasema basi hizo ndizo siku tulizo nazo. Kidonda kikifunga, yule mama hana sababu ya kumleta tena, na sisi hatujui hata wanakaa jengo gani. Kariakoo ina maghorofa mangapi? Utaanza kugonga mlango upi? Tangu siku ile nikawa nesi wa ajabu, namhudumia mgonjwa kwa uangalifu wote huku moyoni naomba asipone upesi. Asije mmoja wenu akanielewa vibaya akaanza kuharibu vidonda vya watu. Kazi niliifanya kama inavyotakiwa, vitambaa safi vya gozi, mikono safi. Kuomba niliomba, lakini sikukichezea.

Tatizo la kwanza lilikuwa kumpata Neema peke yake. Mtu kama yule mama ukimwambia "naomba utupishe" umeshamshtua, na akishtuka harudi. Sista Felista akachukua boksi tupu la glavu, akalikata, akaandika kwa kalamu nene: MSINDIKIZAJI ASUBIRI NJE. Akalitazama, akasema ni jipya mno. Tukalikunja pembe, tukalipaka chai, tukalibandika mlangoni kwa plasta iliyokwisha kuchakaa. Lilipokauka lilionekana limetuzidi umri. Na tukalifuata kwa kila mtu, waume, wakwe, hata mke wa mwenyekiti wa mtaa aliyemleta mama yake, akafura akatishia kutushtaki. Ninyi mkiweka utaratibu kama huo uwe wa wote, ndipo hakuna atakayejiona ananyooshewa kidole. Mama wa pochi alilisoma, akasonya kidogo, akaenda kukaa kwenye benchi.

Tulipobaki wawili nikavuruga tena. Nilimwinamia Neema, nikamtwanga maswali: huyu mama ni nani, anakupiga, amekufungia, sema bwana, mficha uchi hazai. Akautazama mlango. "Sina tatizo, Sista," akasema, na hakufungua mdomo tena. Nilimrudisha kwenye benchi nikihofu atabanwa huko nyumbani mpaka aseme nilichomuuliza.

"Acha mikono yako ifanye kazi," Sista Felista akanielekeza, "na macho yako yabaki kwenye kidonda. Mtu mwenye hofu anaogopa kutazamwa. Muulize vitu vidogo vinavyojibika." Akanipa maswali ambayo nami nawapa. Unalala wapi, na nani? Mlango wa nje anaufungua nani? Ukitaka kuongea na nyumbani unatumia simu ya nani? Kitambulisho chako kiko wapi? Lini mara ya mwisho ulitembea nje peke yako? Hakuna hata moja linalomtaka amshtaki mtu. Usije ukamuuliza "umeuzwa?" Atakwambia hapana, na kwa jinsi anavyoelewa yeye atakuwa anasema kweli.

Basi aliporudi tena nikainamia kidonda, nikaanza kukata gozi ya kufungia.

"Asubuhi mlango wenu anaufungua nani?"

"Yeye. Kwa nje."

"Na simu yako?"

"Iko kwenye pochi."

"Kitambulisho?"

"Humohumo."

Ndivyo ilivyokuja, kidogokidogo, bendeji baada ya bendeji. Alikuwa msusi Mbeya mjini, ana kiti chake na wateja wake, na yule mama alikuwa mmojawapo wa wateja hao akija huko kwa biashara. Akamwahidi saluni Kariakoo. Alichokikuta ni chumba gorofa ya nne, wanawake watatu, yeye akiwemo, wanakaanga sambusa na kusukuma chapati tangu alfajiri, vyakula vinachukuliwa mlangoni, mlango unafungwa. Miezi kumi na moja. Kelele zote za Kariakoo alizijua kwa kuzisikia dirishani, lakini kuikanyaga hakuwahi, mpaka alipoungua akaanza kuletwa kwetu.

Nikamwambia yupo afisa ustawi wa jamii, mwanamke mwenzetu, anayeweza kumsaidia. Akakataa katakata. Mama wa pochi anajua nyumbani kwa mama yake Neema, na yeye akitoroka, wale wenzake wawili ndio watakaokiona cha moto.

Mimi nilitaka kupiga simu polisi pale pale. Sista Felista akanizuia. "Huyu ni mtu mzima," akasema. "Ukimtoa kabla hajakubali, umemhamisha tu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine." Angekuwa mtoto tusingengoja. Mtoto unatoa taarifa siku hiyohiyo, hilo halina mjadala, mlishike sana. Kwa mtu mzima unampa habari anazohitaji, unamwachia mlango wazi, unangoja, na kungoja huko kunauma. Karatasi hatukumpa, kwa kuwa karatasi hupekuliwa. Namba ya simu ya afisa ustawi nilimfundisha kwa bendeji. Nikizungusha mara moja, tarakimu moja. Mizunguko kumi, namba imetimia. Kufikia siku ya tatu alikuwa ananitangulia kuitaja.

Katika joto hilohilo nikamkosea mtu mwingine. Mzee mmoja Mchaga, muuza vyombo kwa jumla, alikuja na msichana aliyeinamisha kichwa, hasemi neno. Kila ninachouliza anajibu mzee. Mkoba wa msichana kaushika mzee. Nikasema moyoni, leo hunipati tena. Nikamtoa nje mzee wa watu kwa sauti iliyofika hadi maabara, nikamwita afisa ustawi, nikaanza: unalala wapi, ufunguo anao nani? Msichana akawa analia tu na kugumia. Mwisho Sista Felista akamwambia fungua mdomo. Jipu la jino, kubwa, taya lote limevimba! Asingeweza kusema hata jina lake. Mzee alikuwa mjomba wake halisi, na mkoba kaushika kwa sababu mwenyewe alihitaji mikono yote miwili kulishika shavu. Nilimwomba radhi hadi nikachoka. Yule mzee hakununa, kesho yake akatuletea mkungu wa ndizi, na mpaka leo akiniona ng'ambo ya barabara anapaza sauti: "Afande Sista!" Dalili moja haitoshi kumhukumu mtu. Ningemtenga msichana kwa upole na kumtazama kinywa kwanza, hakuna ambaye angeaibika.

Turudi kwa Neema. Wiki ya tatu ilipofika, mama wa pochi akanisalimia kwa furaha kutoka kwenye benchi. "Sista, leo si ndiyo mwisho? Maana Jumapili nampeleka kwa ndugu zangu, mbali kidogo. Huku mjini hapamfai."

Nikaingia na Neema, nikaufunga mlango, nikafungua bendeji. Ngozi mpya, kavu, imefunga pembe zote. Sijui kama nimewahi kutibu kidonda kikapona vizuri vile, na nilitamani kulia.

Neema akautazama mkono wake. "Kimepona, Sista?"

Sikuweza kumdanganya. "Kimepona."

Nje basi la mwendokasi likapiga honi, watu wakapigiana kelele. Kisha akanishika mkono ulioshika kalamu.

"Basi usiandike," akasema. "Na wenzangu wawili wamo mle ndani. Gorofa ya nne, mlango wa kijani, chini kuna duka la mapazia. Msije mkanichukua mimi halafu wao wakabaki."

Nikamfunga bendeji nene kuliko zote nilizowahi kumfunga. Kwenye rejista yetu niliandika ukweli, kidonda kimefunga, kwa sababu rejista ni ushahidi na siku moja hakimu anaweza kuisoma. Kwenye kadi anayoiona mama niliandika arudi kesho saa tatu. Nikatoka nimekunja uso. "Mama, bado. Kuna mahali panatunga usaha. Kesho usipomleta, mkono huo utaoza." Nilisema uongo bila kupepesa, Mungu anisamehe, na akishanisamehe, ikibidi nitausema tena.

Alasiri ile Sista Felista na afisa ustawi walikwenda wenyewe dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, wakapanga kila kitu. Kesho yake saa tatu kasoro benchi letu lilikuwa na wagonjwa wawili wapya waliojitanda kanga. Walikuwa askari wanawake, na mmoja alikuwa anagumia vizuri kupita kiasi, nikamsogelea nikamnong'oneza apunguze. Afisa ustawi alikuwa chumbani kwangu amevaa aproni yetu. Niliogopa hawatakuja. Saa tatu ikapita, ikafika na robo, mikono yangu ikawa inapanga na kupangua mikasi ileile. Ndipo nikasikia manukato.

Neema akaingia kwangu, mama akakaa kwenye benchi katikati ya wale wagonjwa. Hatukufanya lolote mpaka simu ya afisa ustawi ilipotetemeka: askari wengine wameufungua mlango wa kijani, wote wawili wametoka, wazima. Neema aliposikia hivyo akakaa sakafuni, hata kitandani hakufika. Huko nje yule mgonjwa mgumiaji akaacha kugumia, akasema kwa adabu kabisa, "Mama, naomba hiyo pochi." Ndani yake mlikuwa na vitambulisho vitatu na simu tatu. Mama hakupiga kelele. Aliuliza tu, akinitazama mimi, "Kwani mkono haukuwa na usaha?"

Siku hizi mna bahati. Mna mafunzo, mna miongozo, mna wa kumpigia simu mchana na usiku. Sisi tulikuwa na boksi la glavu na chai. Sista Felista yuko kwao Machame, ana ng'ombe wawili, na tukiongea kwa simu bado ananiuliza kama nimejifunza kunyamaza. Namwambia najitahidi.

Neema alikaa nyumba salama, akatoa maelezo yake, mama wa pochi akabaki mahabusu akisubiri kesi. Wiki tatu baadaye afisa ustawi akamleta kwangu niukague mkono, kwa sababu kesho yake alfajiri angepanda basi la Mbeya kwa mama yake. Ulikuwa unakunja na kunyooka bila shida. Nikamuuliza kama kuna kitu kingine. Akasema ndiyo, anaomba aione Kariakoo. Afisa ustawi akaniachia, yeye akabaki na fomu zake.

Tukatoka hadi barabara ya Msimbazi. Jua kali, viatu vimepangwa chini, wasukuma mkokoteni wanapiga mluzi watu wapishe. Kijana mmoja muuza mitandio akamwita, "Dada, karibu, kuangalia bure!" Neema akasimama. "Naangalia tu," akamjibu, akashika mmoja, akashika wa pili, akaukunjua wa tatu wote na kuukunja upya. Hakuna aliyemharakisha. Akaenda kwenye sufuria, akaenda kwenye mawigi, akamweleza muuzaji makosa ya mawigi yake kama msusi anavyojua kueleza. Mimi nyuma, miguu inawaka moto.

Kisha akanigeukia. "Sista, naweza kwenda mpaka kule kona, peke yangu?"

Nilishafungua kinywa niseme ndiyo, nikajizuia. "Hilo usiniombe mimi," nikamwambia. "Mimi nitakuwa hapa."

Akasimama kidogo kama hajanielewa. Akatazama kona, akanitazama mimi, akaenda. Nilikifuata kilemba chake cha njano kwa macho mpaka kikazama katikati ya watu. Nikakaa kwenye ngazi ya duka la vitenge, mwenye duka akaniletea maji. Dakika kumi zikapita, nusu saa ikapita, sikumwona. Alikawia sana, wanangu, na kila alivyozidi kukawia nilizidi kufurahi.